Karo ni Septemba, Bonasi ni Oktoba

Saa moja asubuhi, mama mmoja wa upande wa Litein akifunga aproni ya plastiki kuingia shambani, kijana wake huko Nanjing yuko kwenye foleni ya chakula cha mchana. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hivyo hata simu zao zina ratiba. Mama akipiga mapema zaidi, kijana yuko darasani. Akingoja mpaka jioni, baada ya kupeleka majani kituoni na kukama, huko ni usiku wa manane. Wamekubaliana saa moja asubuhi, dakika kumi tu, na swali la kwanza la mama huwa ni lile lile: "Umekula?"

Swali hilo lina sababu. Mwaka 2024, kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, jibu la kweli lilikuwa "nimekula kwa watu", na kijana hakulisema. Alijibu "ndiyo Mama" kila siku, huku akaunti yake ikiwa imefungiwa na simu yake ikikataa kulipia hata sahani ya wali.

Wameomba tusiwataje majina, nasi tumekubali. Tunaieleza habari yao kwa sababu familia nyingi za Kericho na Bomet zenye mtoto ng'ambo zinapita njia hiyo hiyo kila mwaka, na nyingi hazijui zimekaribia shimo kiasi gani.

Maisha yote ndani ya simu

Nanjing si mji mgeni sana kwa Wakenya. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kina uhusiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, na kutoka hapo hadi Kericho ni safari ya matatu tu. Mwaka 2005, Mwamaka Sharifu, msichana wa kisiwa cha Pate huko Lamu, alikwenda Nanjing kusomea tiba ya Kichina kwa ufadhili wa serikali ya China, na magazeti yakamwandika sana. Wakati huo pesa kwa simu hata haikuwa imeanza hapa kwetu. Ilianza Machi 2007.

Siku hizi Mkenya anayefika kule hashangai kulipa kwa simu. Kinachomshangaza ni kwamba watu karibu wote wamehamia huko. Noti za yuan ni halali, ila muuzaji wa viazi vitamu vya kuchoma hana chenji, na hata hamwambiani namba. Anayo karatasi yenye msimbo wa QR imening'inia kwenye mkokoteni, unaiskani, unaandika kiasi, umemaliza. Chakula cha mchana kwenye kantini ya chuo, yuan 12. Treni ya mjini, kuanzia yuan 2. Umeme wa bweni ni wa kulipia kabla, kama tokeni za nyumbani, na ukiisha saa nane usiku unaununua ukiwa kitandani. Maji moto ya kunywa, kufua nguo, baiskeli ya kukodi mlangoni mwa chuo: vyote ni simu.

Na umeme huo si anasa. Mtoto wa Kericho, aliyezaliwa mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, hudhani anajua baridi. Lakini baridi ya kwetu inaisha kwa sweta na kikombe. Nanjing iko kusini mwa mstari wa mto Huai, upande ambao majengo kwa kawaida hayawekewi mabomba ya joto ya mji, kwa hivyo Januari baridi yenye unyevu inaingia mpaka kwenye mifupa. Kinachobaki ni kile kiyoyozi cha ukutani, na kiyoyozi kinakula tokeni.

Kuhusu chai, tucheke kidogo. Chai ya kijani ya Nanjing, inayoitwa Yuhua, hunywewa bila maziwa wala sukari, majani yakiogelea kwenye glasi. Kijana wetu alilelewa na majani yanayosagwa kiwandani hadi yanakuwa punje, kisha yanachemshwa na maziwa mpaka rangi ikolee. Alipokaribishwa mara ya kwanza alidhani mwenyeji amesahau kumalizia. Akanywa kwa heshima. Usiku akafungua pakiti aliyotoka nayo nyumbani.

Tatizo moja dogo lililozaa mengine ni mawasiliano. WhatsApp haifunguki China kwa njia ya kawaida, kwa hivyo mama naye alilazimika kuweka WeChat kwenye simu yake. Mtu mwenye akaunti tayari ndiye huweza kuombwa kuskani msimbo kumthibitisha mgeni, na kazi hiyo ilifanywa na mtoto wa jirani aliyewahi kusoma Wuhan. Mama aliiweka, akaweka picha ya shamba, akajifunza kutuma sauti. Akaunti hiyo itarudi mwishoni mwa habari hii.

Nani analipa nini

Watu wengi kijijini huamini mwanafunzi wa China amelipiwa kila kitu. Wako waliolipiwa. Ufadhili kamili wa serikali ya China hulipa karo na bweni, na humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza yuan 2,500 kwa mwezi ya matumizi, wa uzamili yuan 3,000, wa uzamivu yuan 3,500. Wengine wamefadhiliwa nusu, na wengine, kama huyu wetu, wanajilipia.

Karo yake ni yuan 20,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya shilingi 18 kwa yuan, hiyo ni shilingi 360,000. Mwaka wa kwanza ulilipwa na harambee: kiti cha mwenyekiti, muziki wa kanisani, kundi la WhatsApp lenye watu 140 na namba ya malipo iliyobandikwa juu. Tiketi ya ndege ililipwa na ng'ombe mmoja. Mwezi wa kwanza ukala zaidi ya walivyopanga, maana kibali cha kuishi ni yuan 400 kwa mwaka, bima ya wanafunzi yuan 800, kisha kupimwa afya, blanketi, laini ya simu. Mambo hayo hayangoji. Mwenye viza ya masomo ya muda mrefu ana siku 30 tangu kuingia nchini kuomba kibali cha kuishi.

"Atafanya kibarua huko," wazee walisema kwenye harambee. Hapana. Mwanafunzi wa kigeni China haruhusiwi kufanya kazi bila idhini ya chuo na ya uhamiaji, na akishikwa bila idhini anaweza kupoteza kibali. Anayekuambia mtoto wako atajitegemea kwa kuosha vyombo ama hajui, ama anakuuzia kitu.

Tarehe mbili zisizoelewana

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka wa masomo wa China huanza Septemba. Karo hulipwa wakati wa kujiandikisha. Mwaka wa fedha wa viwanda vya KTDA huisha Juni 30, na bonasi kwa kawaida hutoka Oktoba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki chache tu. Ukiwa huna karo, wiki hizo ni ndefu kama kiangazi.

Septemba 2024 hesabu ya familia ilikuwa hivi. Baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alipata mkopo wa sacco wa shilingi 210,000. Akiba ilikuwa shilingi 60,000. Zikabaki shilingi 90,000, yaani yuan 5,000, za kungoja bonasi. Pesa ilikuwa inakuja, kila mtu aliijua, hata kilo zilikuwa zimeandikwa kwenye simu ya mama. Lakini chuo kilitaka karo kamili, na bila kujiandikisha hakuna barua ya chuo, na bila barua ya chuo kibali cha kuishi hakiongezwi.

Wangeweza kuuliza chuo. Hawakuuliza. Kijana aliona aibu. Mama akakopa shilingi 90,000 kwa chama, kwa ahadi ya kurudisha siku ya bonasi. Saa hiyo zilibaki siku mbili, na kijana akawa na haraka.

Kwenye kundi la Wakenya la WeChat kulikuwa na mtu anayebadilisha. Wengi wanaowatumia watoto pesa China wameisikia njia hii: wewe unatuma shilingi kwa namba ya Kenya, na mtu wa kule anaingiza yuan kwenye akaunti ya mtoto. Hakuna fomu, hakuna ada, kiwango kizuri kuliko benki, na inachukua dakika tano.

Mama aliandika ile namba, na kabla ya kuweka nambari ya siri jina likajitokeza. Halikuwa jina la yule mwanafunzi. Alipiga simu.

"Hili ni jina la nani? Mimi simjui huyu."

"Ni binamu yake, Mama. Tuma tu, muda unaisha."

Alituma. Yuan 5,000 ziliingia, karo ikalipwa siku hiyo hiyo, na asubuhi iliyofuata mama alichuma majani akiimba. Siku nne baadaye kijana alisimama kantini, akaskani, simu ikakataa. Akajaribu tena. Alikuwa na yuan 1,840 za chakula cha miezi miwili kwenye akaunti ile, na hakuweza kugusa hata moja.

Pesa ilikuwa ya nani

Hivi ndivyo mtego huo unavyofanya kazi. Mlaghai fulani ndani ya China anamwibia mtu kwa simu. Anahitaji kuiondoa pesa hiyo haraka kabla haijafuatwa, na anatafuta mtu anayehitaji yuan leo. Mwanafunzi wa kigeni mwenye karo ni mteja mzuri sana. Mlaghai anamwingizia yuan zilizoibwa, na anapokea shilingi safi huku Kenya, kwa jina la mtu mwingine. Kiwango ni kizuri kwa sababu yuan si zake.

Aliyeibiwa akiripoti, polisi wanafuata pesa kutoka akaunti hadi akaunti, na kila iliyopitiwa inafungiwa. China ina sheria maalum ya kupambana na ulaghai wa simu na mtandao, iliyoanza kutumika Desemba 1, 2022, na utekelezaji wake ni mkali. Akaunti inaweza kufungiwa kwa miezi 6, na muda huo unaweza kuongezwa. Anayeifungia mara nyingi ni polisi wa mkoa mwingine kabisa, kwa hivyo mwanafunzi hana hata dirisha la kwenda kulalamika. Zaidi ya hayo, kubadilishana fedha za kigeni nje ya benki na taasisi zilizoidhinishwa ni kosa kwa sheria za China hata kama pesa zote ni safi. Huwezi kwenda polisi ukasema "nilikuwa nabadilisha tu".

Kijana alikula kwa marafiki wiki saba. Mganda mmoja wa chumba cha jirani alimlipia umeme. Kwa mama alisema simu imeharibika kamera, ndiyo maana hapigi video; ukweli ni kwamba hakutaka aone uso wake. Kilichomwokoa ni vitu viwili. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake ilimwandikia barua na kumtafsiria maelezo yake kwa polisi. Na mama yake hakuwa amefuta ujumbe wa muamala.

Hapo tuseme wazi, kwa sababu tunawaona watu wakifuta jumbe ili kupata nafasi ya picha: ule ujumbe ni ushahidi. Una tarehe, saa, kiasi, jina la aliyepokea na namba ya muamala. Kijana alipoonyesha kwamba siku ile ile, saa ile ile, shilingi 90,000 zilitoka kwa mama yake mzazi, maelezo yake yakawa na miguu. Ukiwa umeshafuta, omba taarifa ya akaunti yako. Muamala bado upo kwenye rekodi hata kama haupo kwenye simu.

Akaunti ilifunguliwa katikati ya Novemba. Alionywa. Yule mtu wa kundini alikuwa amebadilisha jina na picha, kisha akapotea.

Njia wanayotumia sasa

Jambo la kwanza walilobadilisha halikuhusu simu kabisa. Juni 2025 kijana aliandikia chuo barua akiomba kulipa karo kwa awamu mbili, nusu Septemba na nusu mwanzo wa muhula wa pili, mwishoni mwa Februari. Alieleza kwamba wazazi wake ni wakulima na mapato yao hutoka Oktoba. Walikubali. Si kila chuo hukubali, lakini barua ni ya bure, na ni lazima iandikwe kabla ya karo kuchelewa. Sasa bonasi inafika miezi minne kabla ya awamu ya pili badala ya mwezi mmoja baada ya karo yote.

Ni bahati walifanya hivyo mwaka huo. Oktoba 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika waziwazi kwamba bonasi ni ndogo. Mama anasema angekuwa ameahidi bonasi ile yote kwa chama kama mwaka uliotangulia, angeuza ng'ombe wa pili. Awamu ya Februari ilitoka nusu kwenye bonasi na nusu kwenye malipo ya kila mwezi ya majani, aliyokuwa akiyawekea kando kidogo kidogo kwenye simu, kwa akaunti ya akiba ambayo hailipii sukari.

Karo yenyewe inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kupitia benki, na namba ya mwanafunzi inaandikwa kwenye maelezo ya malipo. Haipitii kwa wakala wa masomo, haipitii kwa mtu. Wazazi wa Uasin Gishu walioandamana Eldoret mwaka 2023, wakidai pesa walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Canada, walikuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti, si kwa mtu wa pembeni mwa barabara. Kwa hivyo muhuri mkubwa usikuzuie kuuliza: je, chuo chenyewe kimepokea? Dai risiti ya chuo, na mtoto athibitishe akiwa kule.

Pesa ya matumizi ndiyo inayotoka kwa simu ya mama. Kikomo cha muamala mmoja hapa Kenya kimekuwa shilingi 250,000 tangu Agosti 2023, ingawa cha kutuma nje kinaweza kuwa chini, kwa hivyo angalia kabla ya siku ya mwisho. Jina la mtoto liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Sisi tuna majina matatu na tunayabadilisha mpangilio kama viti. Kule, laini ya simu, benki na pochi lazima zisome jina moja, la sivyo pesa inarudi au inakwama. Pia si kila pochi ya mgeni inaruhusiwa kupokea pesa kutoka nje ya China. Mama huyu hutuma kiasi kidogo kwanza, anangoja kijana aseme "imeingia", ndipo anatuma zilizobaki. Analipa ada mara mbili, na anasema ni bei ya usingizi.

Kuhusu ada, usidanganyike na maneno "kutuma bure". Angalia unapewa yuan ngapi mwishoni. Shilingi 90,000 kwa kiwango cha 18 ni yuan 5,000. Kwa kiwango cha 18.60 ni yuan 4,838 tu. Tofauti hiyo ya yuan 162 ni sahani 13 za kantini, na hakuna mahali imeandikwa "ada".

Kwa mwanafunzi mwenyewe tuna moja tu la kuongeza. Kwenye pochi za China kuna msimbo wa kupokea na msimbo wa kulipa. Wa kupokea unaweza kumpa mtu. Wa kulipa, ule unaoonyeshwa kwa keshia, usimtumie mtu picha yake hata akikuambia anataka kukurushia pesa, kwa sababu malipo madogo yanaweza kukatwa bila kuulizwa nambari ya siri. Na kadi yako ya benki usimkodishe mtu wala usimuuzie unapohitimu. Kule hilo linakupeleka kortini.

Tukirudi kwa akaunti ya mama ya WeChat. Baada ya mkasa ule, familia ilikaa ikachagua swali moja la nyumbani. Februari mwaka jana, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, kantini zikiwa zimefungwa na mabweni yamebaki na wageni wachache, mama alipata ujumbe kutoka kwa akaunti yenye jina na picha ya kijana wake. Kiswahili kilikuwa safi. Amepata ajali ya baiskeli, yuko hospitali, hawezi kuongea, atume shilingi 60,000 kwa namba hii ya Kenya haraka.

Mama aliketi kwenye gunia, mikono ikitetemeka. Akaandika: yule ng'ombe tuliyeuza ukaenda, aliitwa nani?

"Mama hakuna wakati," ukajibu ujumbe.

Akauliza tena. Akaambiwa maumivu ni mengi, hakumbuki. Akapiga namba ya kawaida ya kijana, ya China, kwa gharama ya simu ya nje, na kijana akapokea akiwa anakaanga mayai bwenini. Akaunti yake ilikuwa imeingiliwa usiku. Mama alimuuliza yeye pia, kwa kuhakikisha, na kijana akalitaja jina lile bila kufikiri.

Na sisi tumeambiwa jina la ng'ombe huyo. Hatuliandiki hapa.